Ng'ombe Waliosomea Mawasiliano

Keji alikuwa akitema mate kila aliposikia neno digrii. Hakutema kwa siri, akigeuka pembeni kwa adabu. Alitema waziwazi, mbele ya katekista, mbele ya mwalimu, mbele ya mgeni aliyekuja kuuliza njia. Watu wa kijiji chake, Lobule, walikwisha kumzoea. Asiyejua kisa chake angedhani ni mshamba tu anayeichukia elimu. La hasha. Koboko nzima hakuna mtu aliyeilipia elimu kama yeye, na ndiyo maana alikuwa na haki ya kuitemea mate.

Alizaliwa kambini, kwa kuwa baba yake alikuwa sajini. Mwaka wa 1979 serikali ya wanajeshi ilipoanguka Kampala, sajini hakurudi kutoka vitani. Mama yao akajitwika sufuria na magodoro, Keji wa miaka kumi akamweka mgongoni mdogo wake Kenyi, wakavuka mpaka kuingia Zaire. Kenyi alikuwa na miaka sita na miguu mizima kabisa, lakini alilia kwa ufundi mkubwa hata akabebwa. Tangu siku ile alijua kwamba mdomo ukitumiwa vizuri, miguu hupumzika.

Mama alifia ukimbizini. Miaka ya baadaye, nchi ilipotulia kidogo, watoto wawili walirudi Lobule kwa baba yao mdogo, Mzee Jada, naye askari wa zamani. Jada alikuwa na Kiswahili cha kambini na mbavu mbili zilizovunjika, na kila jambo zito alitaka lizungumzwe kwa lugha ile ya jeshi, liwe na uzito wake. Keji hakurudi shule. Alilima muhogo, akaumenya, akauloweka, akauanika, akautwanga, akabeba unga kichwani mpaka soko la Koboko. Unga huo ndio uliomsomesha Kenyi kule Arua, akipanga na wenzake chumba mtaa wa Ediofe, akirudi likizo na mashati meupe ambayo Keji aliyafua.

Kenyi alikuwa na akili, tusimsingizie. Alifaulu kidato cha sita. Lakini hakufaulu kiasi cha serikali kumlipia chuo kikuu. Siku hizo chuo kilikuwa kimeanza kufungua mlango wa pembeni kwa wale wa kujilipia wenyewe, na kwa bahati mbaya habari hiyo ilifika Lobule.

Ukoo ukakaa nyumbani kwa Jada kupima. Sheria? Hiyo ilitaka alama ambazo Kenyi hakuwa nazo. Ualimu? Walimu waliwajua: viatu vimepasuka, mshahara wa Machi unalipwa Agosti. Hapo Kenyi akasimama na kusema kuna digrii ya mawasiliano. Akawakumbusha yale magari meupe yenye eriali ndefu yaliyokuwa yakipita Koboko kila siku kwenda kwa wakimbizi wa Sudani. Ndani ya kila gari, alisema, yumo mtu wa kuandika ripoti na kupiga picha ili wazungu watoe fedha, na mtu huyo amesomea mawasiliano.

"Mushahara yake iko ngapi?" aliuliza Jada.

"Dola, Baba. Mwezi moja, ng'ombe mbili."

Wazee wakaguna kwa utamu. Ng'ombe wawili kwa mwezi! Mtu mwenye akili timamu angeuliza ni wangapi waliosomea hayo na hawana gari wala baiskeli, lakini wazee wetu, Mungu awasamehe, walikwisha kujiona wamekaa ndani ya gari jeupe wakipunga mikono. Jada akatoa hukumu: mtaji wa miaka mitatu ulikuwa jikoni, ukisonga ugali. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Koboko, jina lake Loku, aliyekuwa amemposa Keji mara mbili. Alitoa ng'ombe kumi na wawili.

Keji hakuulizwa na wazee. Aliulizwa na Kenyi, jioni, nyuma ya jiko, kwa sauti ile ile iliyompandisha mgongoni mwaka 1979.

"Dada, mushahara ya kwanza mimi naanza kununua ng'ombe, narudisha kwa zizi. Kama bwana iko mubaya, wewe narudi nyumbani tu. Ng'ombe yake iko pale, tunarudishia yeye, kwisha."

Keji akakubali. Alimpenda mdogo wake, na ng'ombe wa mahari wakikaa zizini, hata mwanamke aliyeolewa vibaya ana mlango wa kutokea. Hiyo ni desturi, kila mtu anaijua. Lakini ng'ombe wale hawakukaa hata wiki zizini kwa Jada. Waliuzwa, fedha ikafungwa kwenye kitambaa, Kenyi akapanda lori la Kampala.

Huyo Loku sasa. Duka lake lilikuwa karibu na soko la Koboko: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sigara zilizovushwa kutoka Zaire. Asiye na fedha alipewa bidhaa kwa rehani. Ukutani, juu ya misumari, zilining'inia mali za watu: gurudumu la baiskeli, redio isiyo na betri, blanketi, koti la arusi. Loku alizipangusa vumbi kila asubuhi kwa upendo ambao hakuwahi kumwonyesha mkewe. Kila mteja alimwambia neno moja: "Kitu yako haipotei. Leta pesa, beba kitu."

Hakuwa mpigaji sana. Ila alikuwa mchafu wa roho na wa mwili, mtu wa kunywa waragi, ile pombe kali, kwa mwanamke mmoja mpakani, kisha kurudi na kudai chake kama anayedai chenji. Mara mbili Keji alikwenda dispensari kutibiwa magonjwa ambayo hakuyatafuta. Mtoto wao wa pekee alikufa kwa surua. Kisha yule mwanamke wa mpakani, Paska, akaanza kukonda. Akakonda hadi mashavu yakaonyesha meno, akafa. Watu walisema ni silimu, yaani ukimwi, wakisema kwa kunong'ona kana kwamba jina lenyewe linaambukiza. Loku alirudi kutoka mazikoni, akala, akajifuta mdomo, akaelekea chumbani.

Keji akaweka kigingi mlangoni.

"Mimi nalipa ng'ombe kumi na mbili," Loku alipiga kelele majirani wakisikia, "wewe nafungia mimi mulango?"

Ndani, Keji alikuwa ameuegemea mlango kwa kinyaa, si kwa hofu. Harufu yake, kikohozi chake, vidole vyake vya mafuta ya taa: vyote vilimchukiza. Alitaka jambo moja tu duniani, kutoka katika nyumba ile akiwa hai. Na kwa kuwa hakuwa na mtoto, sheria ilikuwa nyepesi kama alfabeti: akitoka yeye, ng'ombe wote warudi.

Basi mwaka 1997 akapanda pikapu kwenda Arua, njia ambayo siku hizo watu waliipita wakisali kwa sababu ya waasi. Kenyi alikuwa amehitimu mwaka uliopita. Ukoo ulichinja, ukacheza ngoma, na cheti chake kikatiwa fremu ya kioo na kutundikwa nyumbani kwa Jada, pembeni ya picha ya marehemu sajini, maana mali ya ukoo hukaa kwa mkubwa wa ukoo. Mwenyewe alitembea na nakala za fotokopi. Keji alitarajia kumkuta katika ofisi. Alimkuta Ediofe, katika chumba cha godoro moja na tai moja, akipiga pasi shati lile lile.

"Ng'ombe yangu iko wapi?" alimuuliza kabla ya kukaa.

Kenyi akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. Akamweleza. Hakupata gari jeupe. Waliokuwa wakiingia kwenye magari yale walikuwa na mjomba ndani, au miaka mitano ya kazi, na yeye hakuwa na kimoja. Alikuwa akiandikia gazeti moja la Kampala. Hawakumwajiri, walimlipa shilingi elfu tano kwa kila habari iliyochapishwa. Isiyochapishwa, hata asante hakuna. Mwezi mzuri zilitoka nne.

"Hii pesa hata mimi napata kwa muhogo," alisema Keji.

"Inategemea habari, dada. Mbuzi nakufa, hiyo hapana habari. Lakini gari nachomwa kwa njia ya Koboko, watu tatu nakufa, hiyo iko mbele kabisa. Elfu kumi na tano!" Macho yake yaling'aa. "Wiki jana mimi napata bahati."

Keji aliweka kikombe chini. Gari lile la wiki iliyopita lilikuwa limebeba watu wa Abuku, kijiji cha jirani, na mmoja wa waliokufa alikuwa akimuuzia vikapu. Alimtazama mdogo wake na kwa mara ya kwanza akamwona kama anavyoonekana nzi, akisugua mikono. Ni jambo baya kumchukia mtu uliyembeba mgongoni, na Keji alijilazimisha asimchukie.

Kenyi lazima aliliona lile jicho, kwa kuwa alibadilika mara moja. Akamchemshia chai nyingine. Akamkalisha kwenye godoro, yeye akakaa sakafuni, akamuuliza habari za nyumbani kwake taratibu, kwa huruma, moja baada ya nyingine. Bwana anakunywa nini? Paska alikonda kwa muda gani? Kigingi ni cha mti gani? Hakuna aliyewahi kumuuliza Keji mambo hayo. Alieleza yote, akalia, na Kenyi akampa leso yake safi. Alirudi Koboko akijisemea kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Majuma mawili baadaye mwalimu mmoja aliingia dukani kwa Loku na gazeti, akawasomea wateja kwa sauti, akitafsiri. Habari ilihusu mwanamke wa Koboko, aitwaye humo Margaret, mke wa mwenye duka la rehani, aliyeuzwa kwa ng'ombe kumi na wawili, ambaye kila usiku hufunga mlango kwa kigingi cha mti wa mwarobaini kwa kuogopa silimu ya mumewe. Kila kitu kilikuwamo, hadi lile koti la arusi msumarini. Kuhusu ng'ombe waliandika maneno manne: "familia yake iliwala wote." Aliyewala, na alivyowala kitabu kwa kitabu, hakutajwa. Ila jina lake, Kenyi, lilikuwa juu ya habari kama mwandishi, kwa herufi nzito, likilipwa.

Watu hawakucheka hata. Walitazama chini, kisha wakatazama koti la arusi. Keji alitoka kwa mlango wa nyuma.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitakula kisha kiandike kilivyoonja.

Loku hakumgusa. Alimfukuza tu, na khanga zake mbili, na kesho yake akaja Lobule mwenyewe kudai. Ukoo ukakaa tena mahali pale pale ulipokaa miaka minne kabla, chini ya paa la Jada, cheti kikiwatazama kutoka ukutani kupitia mlango ulio wazi. Kenyi alikuja siku hiyo hiyo kwa sababu yake mwenyewe: Jumatatu alikuwa ameitwa usaili Arua, kwenye shirika moja la magari meupe. Mara ya kwanza kuitwa! Na walitaka cheti chenyewe, si fotokopi. Alifika na tai, akitabasamu, akamsalimia Loku, "Shemeji."

"Shemeji," Loku alijibu, "hapana shemeji. Wewe nauza jina yangu kwa gazeti. Napata ngapi?"

Kenyi akakohoa. "Elfu thelathini."

"Mbuzi moja!" Loku aliwageukia wazee. "Mimi natoa ng'ombe kumi na mbili, yeye nauza mimi kwa bei ya mbuzi. Sasa sikia hesabu, wazee. Habari moja elfu tano. Ng'ombe moja laki na nusu. Ndio kusema habari thelathini iko ng'ombe moja. Yeye napata habari nne kwa mwezi. Ng'ombe kumi na mbili nataka miaka saba na nusu, na hapo yeye hapana kula, hapana vaa. Wazee, miaka saba mimi iko hai?"

Wazee waliitazama shingo yake, ilivyokwisha kuwa nyembamba.

Mzee Jada hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kutoa. Alifanya wanachofanya wakubwa wakiaibika: akamgeukia msomi. "Kenyi, wewe nasoma. Sema."

Na Kenyi akasema. Ewe msomaji, ungemsikia! Alianza na marehemu sajini, akapita Zaire, akaliweka kaburi la mama yao mbele ya kila mtu. Akamwomba Loku radhi kwa maneno yaliyomlegeza mabega hata Loku mwenyewe. Akasema heshima ya koo mbili haivunjwi na karatasi. Akasema Jumatatu anakwenda usaili, akipata kazi atarudisha ng'ombe wote. Wampe miaka miwili. Na katika miaka hiyo miwili, ili ndoa isife na watu wasicheke, dada yake arudi kwa mumewe. Mke na mume hawakosi kugombana. Ile habari ya silimu, alisema, ni uvumi tu wa watu.

"Miaka mbili tu, dada," alimalizia, sauti ikikatika penye kukatika. "Vumilia. Subira huvuta heri."

Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akafuta machozi. Jada alinyoosha mgongo wake mbovu. "Sasa naona kazi ya shule," alisema. Ndipo Keji alipofahamu kwamba mawasiliano yamefanya kazi hatimaye. Miaka mitatu ya chuo, ng'ombe kumi na wawili, unga wa muhogo usiohesabika: vyote vilimfundisha mtu mmoja namna ya kumrudisha dada yake kaburini huku watu wakimpongeza. Hakuwa na hasira. Hasira ina joto. Alihisi kinyaa tu, kwao wote, na kwa mgongo wake mwenyewe uliombeba.

Akainuka. Walidhani anakwenda kufunga khanga zake. Aliingia ndani ya nyumba ya Jada, akapita picha ya baba yake bila kuigusa, akakishusha cheti na fremu yake. Akatoka nacho, akakiweka juu ya mapaja ya Loku.

"Ng'ombe yako ndio hii," alisema. "Yote kumi na mbili. Chunga."

"Keji!" Jada aliruka. "Hiyo iko mali ya ukoo!"

"Iko mali ya ukoo? Basi ukoo nalipa. Mama yake na mama yangu hapana tofauti, Baba, lakini ng'ombe iliuzwa kwa mwili yangu. Kama yeye naoa bibi kwa ng'ombe yangu, bibi ile iko chini yangu, desturi nasema hivyo. Yeye hapana oa bibi. Yeye naoa karatasi. Basi karatasi iko yangu, na mimi narudishia mutu mwenye ng'ombe."

Wazee walitazamana wakitafuta kosa katika maneno hayo, nao walikuwa wataalamu wa kutafuta makosa. Hawakulipata.

Loku alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza cheti, akakipuliza vumbi, akapima uzito wa kioo kwa mkono, kama alivyofanya kwa kila kitu kilicholetwa dukani kwake. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini alijua sura ya mtu anayeona kitu chake kikiondoka, na sura hiyo ilikuwa ya Kenyi. Rehani nzuri ni ile ambayo mwenyewe hawezi kulala bila kuikomboa.

"Mimi nakubali," alisema. "Mwanamuke hapana deni tena. Deni iko kwa huyu kijana." Akaiweka fremu kwapani, akamwambia Kenyi lile neno lake la kila siku: "Kitu yako haipotei. Leta ng'ombe, beba kitu."

Akapanda baiskeli yake akaondoka kwa njia ya Koboko, akikanyaga polepole kwa sababu ya kifua. Kioo kilimetameta mara moja kwapani mwake, na Kenyi akaanza kukimbia nyuma yake, tai ikimpiga usoni. Alikimbia hatua chache tu. Kukimbia hakukuwa kazi yake. Akarudi na kupiga magoti mbele ya dada yake, safari hii bila ufundi, kamasi zikimtoka.

"Dada, wewe naua mimi. Jumatatu nataka cheti. Bila cheti mimi hapana pata kazi, bila kazi mimi nakomboa na nini?"

"Miaka mbili tu," alisema Keji. "Vumilia."

"Dada! Sasa mimi nakwenda kuonyesha wao nini?"

Keji alikuwa amekwisha kuchukua jembe la Jada lililokuwa limeegeshwa ukutani, maana shamba la mama yao lilikuwa limelala miaka minne na muhogo haujipandi. Alisimama kidogo akamtazama pale chini, mtoto wa miaka sita mwenye miguu mizima.

"Ongea," alimwambia. "Si ndio wewe nasoma?"

Kisha akatema mate, pembeni, asimpate, akaenda shambani.